Mkono Anaopewa Mgeni

Siku ya kuonjwa, watu wa Kwamkonge hawanywi chai. Si amri ya daktari, ni woga tu. Wanasema tumbo likiwa tupu maumivu hujitokeza vizuri, kama mwezi usio na mawingu. Ndiyo maana saa mbili asubuhi, kwenye benchi refu la kliniki ya maumivu, walikuwa wamejipanga watu ishirini na ushei wenye njaa, kila mmoja amekumbatia pale panapomuuma, na katikati yao Bi Mwantumu akitega vitendawili.

Alikuwa na miaka sitini na tisa, na mkono wake wa kushoto uliwahi kuliwa na korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge. Korona iliuvuta mpaka begani, miaka ishirini na minne iliyopita. Mifupa iliunga, ngozi ikaota, lakini mishipa haikusahau. Mchana kutwa mkono uliwaka kama uliopakwa utomvu, na mvua ikitanda ulipwita mpaka kwenye meno. Aliufunika kwa kanga, akauweka mapajani kama mtoto aliyelala ambaye hataki aamke.

"Kitendawili," akasema.

"Tega," benchi likaitikia kinyonge.

"Ninaye mgeni, sikumkaribisha. Halali, na mimi silali. Nikimwonyesha kwa watu, hawamwoni."

Wote walijua jibu, ila hakuna aliyetaka kulitamka siku kama ile. Mwishowe Mzee Sangali, wa magoti, akasema ameshindwa, anatoa mji. Mji gani? Akasema achukue Pangani. Bi Mwantumu akaupokea kama ilivyo desturi, akasema amekwenda Pangani, amekalia kiti, amekula wali wao wa nazi na samaki wao, amewaachia miiba, na jibu ni huyo huyo aliyewaleta wote hapa. Watu wakacheka kidogo kidogo, kwa uangalifu, maana wengine hata kucheka kunawauma.

Bi Tatu hakucheka. Alikaa mwisho wa benchi, amepinda kama ufunguo. Mwezi uliopita daktari alimwonja kwa mara ya kwanza, akasema mbili. Bi Mwantumu alikuwa akimtania shoga yake tangu siku ile: jina Tatu, umeandikwa mbili, moja kaila nani? Leo utani ulimkauka mdomoni, kwa jinsi alivyomwona amekonda.

Kwa wasiojua, mbili si kitu. Kiraka hutolewa kuanzia nne. Aliye chini ya nne hupewa karatasi yenye picha za mazoezi na kuambiwa apunguze mawazo.

Zamani haikuwa hivyo. Bi Mwantumu aliiona kwa macho yake miaka ya Usingizi, viraka vya maumivu vilipokuwa vikiuzwa stendi kama karanga. Unabandika kimoja nyuma ya sikio, maumivu yanakwenda zake. Kisha unabandika viwili. Watu walilala barabarani. Wanawake waliacha vyungu vikaungua, vikaunguza na watoto. Nusu ya rika lake lilikwenda hivyo, likitabasamu. Ndipo ikapitishwa Sheria ya Kuonja, na maneno yake kila mgonjwa anayajua kwa moyo: ulimi wa mgonjwa si mizani. Tangu hapo hapana kiraka mpaka daktari bingwa ayaonje maumivu yako kwa mishipa yake mwenyewe.

Kifaa kinaitwa jina refu la kitaalamu, ila watu wanakiita soksi, kwa sababu kinafanana na soksi ya mchezaji mpira. Mwanzo wake unavishwa pale panapouma. Wa tumbo na kiuno wanafungwa mkanda wake. Nyaya nyembamba kama nywele zinapita chini ya pazia, na upande wa pili zinaingia kwenye kishikizo kilichopandikizwa shingoni mwa daktari. Pazia nalo ni la sheria. Daktari haruhusiwi kumwona mgonjwa, asije akadanganywa na machozi. Anasikia anachosikia kwa muda wa pumzi kumi, anataja namba, na kwa namba hiyo anakitia kiraka nguvu yake. Kiraka huwa kijani. Mwezi ukiisha kinakuwa cheupe, na mgeni wako anarudi.

Bi Mwantumu alipoitwa, alikuta nesi mpya. Sista Agripina, aliyekuwa akimvua kanga mwenyewe na kuushika ule mkono mbovu kama yai, alikuwa amestaafu. Huyu alikuwa binti mrembo, ana haraka, anaangalia karatasi. Faili liliandikwa "mkono", basi. Binti akanyoosha soksi na kusema lete mkono, bibi.

Akautoa.

Kutoka upande wa pili wa pazia Dkt. Semboja akamwamkia, kama kawaida yake. Bi Mwantumu akaitika marahaba. Daktari akamuuliza yu hali gani, naye akajibu kuwa hajambo, anamshukuru Mungu, ni huo mkono tu. Kisha kimya cha pumzi kumi. Miaka yote kimya hicho kilikuwa kama ibada kwake. Kule nyuma ya kitambaa kuna mtu mmoja duniani ambaye, kwa pumzi kumi, anaujua moto huu.

"Nane," daktari akasema. "Unawaka, unapanda begani. Pole, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu," akaitikia, na macho yake yakashuka kwenye soksi.

Soksi ilikuwa kwenye mkono wa kulia.

Wa kushoto ulikuwa pale pale chini ya kanga, unafukuta peke yake. Mama yake alimfinya sikio utotoni mpaka likazoea: mgeni hapewi mkono wa kushoto. Binti alikuwa mgeni. Alisema lete mkono, na mkono wenye adabu ukatoka wenyewe, mzima kama siku ulipozaliwa. Na daktari bingwa akauonja, akasikia unawaka mpaka begani.

Nesi akamvua soksi, akampa kiraka. Bi Mwantumu akashukuru. Alipotoka, benchi likamuuliza amepata ngapi, akasema nane, na watu wakampongeza.

*

Hakurudi nyumbani. Bi Tatu naye alikuwa ametoka, na namba yake ilikuwa ile ile ya mwezi uliopita, basi wakafuatana polepole mpaka kwake, wakipumzika kila penye kivuli.

Maumivu ya Bi Tatu yalianzia uzazi wake wa mwisho. Mwenyewe alieleza kwamba tumbo na kiuno vinanyongwa kama nguo nzito inayokamuliwa na watu wawili, mmoja huku mwingine kule, na maji yakiisha hawaachi. Alikuwa mpika vitumbua aliyejulikana mpaka mashamba ya juu. Sasa chuma cha vitumbua kilikuwa kimening'inia ukutani, kina utando wa buibui.

Kijana wake Jumbe alikuwa uani, anafunga mnyororo wa pikipiki. Hakuwa mtoto mbaya. Kabla mama yake hajaonjwa alimbeba mgongoni mpaka chooni bila kuguna. Lakini namba ni kitu cha ajabu. Ikishaandikwa, macho ya mtu yanaiamini kuliko yanavyojiamini. Mkewe alianza kuuliza kwa nini mtu wa mbili hawezi kuosha vyombo. Jumbe akamtetea mama wiki ya kwanza, ya pili akanyamaza, ya tatu akaanza kuuliza na yeye.

"Mbili tena?" akamuuliza siku ile, bila kuinua macho kutoka kwenye mnyororo. "Mama, mimi nikikaa sana kwenye pikipiki napata mbili."

Bi Tatu akaingia ndani akajilaza kwenye mkeka. Alilala kiubavu, magoti kifuani, akauma pindo la kanga ili asitoe sauti nyumbani mwa mwanawe. Bi Mwantumu alikaa kando yake akimpepea. Akamuuliza, kama anayezungumza tu, daktari alipomwamkia aliitikia vipi.

Bi Tatu akasema aliitikia kama mtu mwenye adabu zake. Alisema sijambo, mwanangu, salama salimini. Alikaza sauti hasa, ili asimtie daktari huruma ya bure kabla hajamwonja. Si ni dhambi kuililia huruma?

Bi Mwantumu akaacha kupepea. Akalikumbuka lile pazia, ile salamu, kile kimya cha pumzi kumi. Mambo yote yakakaa mahali pake, na hakuna hata moja alilolipenda.

"Wajua," Bi Tatu akasema na kanga mdomoni, "kiraka sikitaki tena. Nilikwisha kata tamaa. Nataka Jumbe aniamini tu. Nife, sawa, ila nisife muongo."

*

Kesho yake asubuhi Bi Mwantumu alimkuta Dkt. Semboja nyuma ya kliniki, penye tangi la maji, ananawa kabla ya kazi. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, anayeinama anapoongea na watu wafupi. Alimwamkia kwa heshima. Bi Mwantumu hakuitika upesi, maana jicho lake lilikuwa limenasa kwenye mkono wa daktari. Chini kidogo ya kiwiko ulikuwa umezama mwiba wa mkonge, mweusi, mrefu kama sindano ya magunia. Nyama kuzunguka ilikuwa imevimba na kung'aa. Si mwiba wa leo. Ulikuwa na siku tatu au nne.

Akamwambia akae juu ya ndoo. Daktari akakaa, hajui kwa nini. Bi Mwantumu akatoa pini kwenye mtandio wake, akaushika ule mkono kwa wa kulia na kuuegemeza kwenye goti, akaanza kuchimba. Damu na usaha vikatoka. Daktari alikuwa akitazama mashamba ya mkonge mbali huko, uso umetulia kama wa mtu anayenyolewa.

"Kitendawili," Bi Mwantumu akasema.

Daktari akacheka. Alimjua. "Tega, mama."

"Mapacha wawili wa nyumba moja. Mgeni akija, mmoja hutoka kumpokea. Mwenzake hubaki uani."

"Ah, hicho chepesi. Mikono. Wa kulia na wa kushoto."

"Umepata." Akautoa mwiba wote, akamwekea kwenye kiganja. "Sasa nijibu na cha pili. Jana nesi wako alikuwa mgeni. Uliyemwonja ni yupi?"

Daktari aliutazama ule mwiba. Akautazama mkono wake unaotoka damu, kama mkono wa jirani. Maji yalidondoka kutoka kwenye bomba la tangi na hakuna aliyelifunga.

Alipoongea, aliongea kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Mwonjaji hupewa miaka mitano, akasema, kisha mishipa yake hupumzishwa. Yeye ulikuwa wa kumi na moja, kwa sababu kila mwaka aliandika barua ya kuomba mtu wa kumpokea, na kila mwaka Baraza la Waonjaji lilijibu kwamba hayupo. Mwezi wa pili mwaka huu alimwonja mama mmoja aliyeungua na mafuta. Alitegemea kupiga ukelele. Akasikia kama mtu anabisha hodi nyumba ya tatu. Wiki iliyofuata, hata ile hodi haikuja. Sasa akinywa chai hajui kama ni ya moto mpaka aone malengelenge.

"Sasa hizo namba unazitoa wapi?"

"Kwenye sauti. Nasikiliza mtu anavyoitikia salamu. Wa zamani kama wewe nayakumbuka yenu."

"Tatu ulimpa mbili."

"Aliitikia vizuri, mama."

"Mwanangu." Bi Mwantumu aliifuta damu kwa ncha ya kanga yake. "Hapa kwetu nani asiyeitikia vizuri? Hata maiti, angekuwa na ulimi, angesema hajambo."

Akainamisha kichwa. Alijua, akasema. Na yeye kalelewa hapa hapa. Ila alihitaji pa kushika.

Bi Mwantumu akamwambia basi Tatu aitwe tena, aandikiwe inayomstahili. Daktari akasema hiyo ni rahisi, ataandika nane, ataandika hata tisa. Lakini atakuwa amebahatisha tena, na kesho kutwa atambahatisha mwingine, na wapo wengi aliokwisha kuwarudisha na karatasi za mazoezi. Halafu akatoa lile kubwa. Alhamisi anakuja mkaguzi. Naye ni mwonjaji. Kwa utaratibu wa Baraza, mwenye faili la zamani kuliko wote anaingizwa, daktari anamwonja, mkaguzi anamwonja baada yake, namba zinalinganishwa. Faili namba moja la Kwamkonge lilikuwa la Bi Mwantumu.

"Ukinipa wa kushoto, nitasema nane, na yeye atasikia nane," daktari akasema. "Tutaendelea. Ukinipa wa kulia, nitasema nane vilevile, kwa sababu sijui. Yeye atasikia mkono mzima. Hapo watafunga. Wakifunga hawafungui, mama. Kliniki ya ng'ambo ya mto ilifungwa mwaka wa sita huu, sasa wamepanda mihogo mpaka mlangoni."

"Na wewe unataka nikupe upi?"

Daktari akaugeuzageuza ule mwiba kiganjani. Bi Mwantumu akamwambia kama hajui, atoe mji, ndiyo sheria. Daktari akasema leo hana mji wa kumpa. Akainuka akafunga bomba, na ule mwiba akautia mfukoni mwa koti.

*

Siku tatu zile Bi Mwantumu alihesabu watu. Si kwa vidole, kwa majina. Walikuwa arobaini na watatu waliobandika viraka, na yeye ndani yake. Mzee Sangali akiwa na kiraka anasimama kuswali; bila kiraka anaswali amelala. Yupo mwalimu wa darasa la pili mwenye kichwa kinachowanga, akiwa na kiraka anafundisha. Hao ni upande mmoja wa mizani. Upande wa pili ni Tatu na wenzake, waliorudishwa na namba za uongo, wanauma kanga majumbani mwa watoto wao. Akiwaweka huku wanazidi wa kule. Akiwaweka kule wanazidi wa huku. Alikwenda kumuuliza Mungu, na Mungu akamwachia mwenyewe.

Jumatano jioni alikuwa ameamua. Atatoa wa kushoto. Daktari ataongoza kliniki kwa kubahatisha, yeye atakwenda faraghani kumwambia nani anaumwa kweli, maana yeye anawajua. Uongo wenye faida kwa wengi. Alijiambia hivyo akajilaza, na kwa kuwa kiraka lazima kibanduliwe siku moja kabla ya ukaguzi, hakulala.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana, Dkt. Salome Mwakipesile, mtu wa Kyela. Alikuwa na macho mekundu ya mtu anayeonja wilaya baada ya wilaya. Aliwasalimu watu wa benchi, hamjambo, na benchi zima likajibu kwa sauti moja kwamba halijambo. Bi Tatu alikuwa kule mwisho. Jumbe ndiye aliyemleta, kwa pikipiki, akasimama mbali kidogo, kama mtu asiyependa kuonekana.

Bi Mwantumu akaingia. Madaktari wawili walikuwa tayari nyuma ya pazia, miguu yao tu inaonekana. Nesi yule mrembo akanyoosha soksi.

"Shikamoo, mama," ikaja sauti ya Dkt. Semboja. "U hali gani?"

"Sijambo," akajibu. "Namshukuru Mungu."

Hakutaka kulisema. Lilitoka lenyewe, laini, limenyooka, na mkono wake wa kushoto ukiwa unaungua kiasi kwamba ukuta ulikuwa ukipinda. Akajisikia mwenyewe kwa masikio ya mtu wa nyuma ya pazia. Mtu mzima kabisa. Mbili, labda moja. Yeye angemjuaje anayeumwa kweli kati ya majirani zake, ikiwa na wao humjibu hivi hivi? Nani huko mtaani aliyewahi kumwambia ukweli alipomuuliza hali? Tatu tu, na kwa sababu alikuwa ameshalala chini.

"Lete mkono, bibi," nesi akasema.

Akautoa wa kulia. Maisha yake yote mkono ule ulikuwa ukisema uongo kwa adabu. Siku hiyo ulibeba ukweli, na ulikuwa mzito kuliko mwenzake.

Soksi ikavutwa mpaka kiwikoni. Kimya kikaingia. Pumzi ya kwanza, ya pili, ya tano. Bi Mwantumu alikuwa akiitazama miguu ya daktari chini ya pazia, viatu vyeusi vilivyochakaa, na akajua daktari naye anafikiri. Ni kitendawili chenye majibu mawili. Anaweza kusema nane. Anaweza pia kusema hakuna kitu, mama kanipa mkono mzima, na mkaguzi atakubali, na atabaki mwonjaji. Nusu kwa nusu. Aliyebahatisha kwa miezi anaweza kubahatisha mara moja zaidi. Pumzi ya kumi ikapita. Ya kumi na mbili.

"Nakupa mji," Dkt. Semboja akasema.

Bi Mwantumu alitaka kunyamaza, lakini kitendawili kina haki zake, na sauti yake ilitoka kama ya mtoto.

"Mji gani?"

"Kwamkonge," akasema. "Nakupa Kwamkonge, mama, na watu wake wote. Sina mwingine."

Mkaguzi alikuwa mtu wa Kyela, lakini hakuna aliyekulia nchi hii asiyejua maana ya kutoa mji. Ukasikika mkwaruzo wa kiti. Akauliza kwa upole Daktari anasikia nini. Dkt. Semboja akajibu kwamba tangu mwezi wa pili hasikii mtu.

*

Kilichofuata kilikwenda haraka. Mkaguzi alifungua pazia, jambo lisilofanywa, akatoka akasimama mbele ya Bi Mwantumu, akauona mkono wa kushoto chini ya kanga na kuelewa. Alisema ana nafasi ya kuonja mtu mmoja tu siku hiyo, mishipa yake hairuhusu wawili. Akauliza kama amwonje yeye, ili faili lake walau liwe na namba ya kweli.

Mkono ulimwambia Bi Mwantumu akubali. Ulimwambia kwa nguvu. Akamtaka nesi amwite Tatu.

Walimfunga mkanda tumboni, pazia wazi, mlango wazi, benchi zima linaona. Dkt. Mwakipesile hakufika pumzi ya nne. Aliita mama yake, akaenda chini kwa magoti, na nesi ndiye aliyechomoa waya shingoni mwake. Alikaa sakafuni akitetemeka, kamasi zinamtoka kama mtoto. Alipopata sauti alisema tisa. Akasema hajapata kuonja tisa.

Bi Tatu, aliyekuwa amesimama wima muda wote kwa heshima ya wageni, alimpa pole.

Jumbe alikuwa mlangoni. Alimtazama mkaguzi pale sakafuni, kisha mama yake aliyesimama. Akaja akageuka, akainama mbele yake amwonyeshe mgongo, kama zamani, ambebe.

Cheti cha namba tisa kikaandikwa na kupigwa muhuri. Kiraka hakikutoka. Mkaguzi hana kibali cha kutia kiraka nguvu. Mwenye kibali alikuwa mmoja tu, na kibali chake kilikufa palepale alipotoa mji. Jioni kliniki ikafungwa kwa kufuli. Dkt. Semboja aliondoka na gari la Baraza kwenda kuhojiwa. Bi Mwantumu alimpa pole dirishani, na pole ile ilimteleza kama maji juu ya jani la mgomba. Akainua mkono kumuaga. Kwenye kiganja alikuwa ameukamata ule mwiba, na damu ilikuwa ikimtiririka mpaka kwenye mkono wa koti, naye anatabasamu.

Viraka vya Kwamkonge vilianza kuwa vyeupe mwezi ulipokaribia kuisha. Kwanza cha mwalimu, kisha vya wengine, kama taa za mtaa zinazozimika moja moja. Watu hawakumtukana Bi Mwantumu. Walifanya lililo baya zaidi, waliacha kumsalimu. Akipita benchi la duka, mazungumzo yalikatika. Mke wa Mzee Sangali alimtemea mate karibu na mguu, akaomba radhi, akatema tena.

Halafu asubuhi moja Mzee Sangali mwenyewe akaja kwake, kwa mikongojo miwili, mwendo wa dakika tano kautembea saa nzima. Hakubisha hodi. Alijibwaga kwenye mkeka wa barazani, akatweta.

"Mji umepewa wewe," akasema. "Basi utawale."

"Hujambo, mzee?"

"Sijambo."

Bi Mwantumu akaketi mbele yake. Dawa hakuwa nayo. Soksi hakuwa nayo, wala namba. Alikuwa na muda. "Haya," akasema. "Salamu imekwisha. Sasa niambie."

Mzee alitazama huku na huku kama mtu aliyeombwa avue nguo. Kisha akaanza na goti la kulia.

Alipomaliza jua lilikuwa juu ya paa, na goti lilikuwa linauma vilevile. Nje, kwenye ukuta, walikuwa wameketi wengine watatu. Kesho yake walikuwa tisa. Hawakuja kupona, hapakuwa na mtu aliyewadanganya. Wengine walikuja, wakasema, wakalia, na kabla ya mwezi mpya maumivu yalikuwa yameshawamaliza, wakazikwa. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa wa kwanza wao.

Bi Tatu aliletwa mgongoni mwa mwanawe. Jumbe akamshusha taratibu, akakaa kando kusikiliza. Bi Mwantumu akamwamkia shoga yake, wakasalimiana zile salamu zote, na zilipokwisha akafunua kanga. Akautoa mkono wa kushoto, uliopinda, wenye makovu, unaowaka. Huo hakuwahi kumpa mtu.

Bi Tatu aliutazama. Kisha akaupokea kwa mikono yake miwili.